Tak Moja Nje ya Magofu ya Gede



Wasomaji wetu watukufu, na hususan mama zetu na dada zetu ambao karatasi hizi huwafikia majumbani kila wiki, juma hili hatukuja na somo la mimbari. Tumekuja na khabari ya safari, na ndani yake mna khabari ya gari lililokataa kuwaka. Tumeona tuiandike kwa urefu, kwa kuwa siku hizi wengi wenu ndio mnaoshika usukani kupeleka watoto chuoni na wazee hospitalini, na siku gari litakaponyamaza huenda pasiwe na mtu karibu ila wewe na Mola wako.

Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa kaskazi, jua kali tangu asubuhi. Tulitoka Mji wa Kale wa Mombasa kwenda Mambrui, ng'ambo ya Mto Sabaki, kumzuru mama yetu mdogo, yaani nduguye mama yetu mzazi. Macho ya mama mdogo yamefunikwa na mtoto wa jicho, na jicho la kulia alikuwa amepangiwa kupasuliwa Jumatatu yake. Jamaa walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, zikapatikana shilingi 28,000. Fedha hizo zilitiwa katika bahasha, nayo bahasha ikawekwa mikononi mwetu. Garini alikuwamo mama yetu, ambaye amepita miaka themanini, mama watoto, binti yetu wa pili, na mjukuu wa miaka saba asiyechoka kuuliza. Ndugu wawili hao hawakuwa wameonana tangu Idi ya mwaka juzi, na tangu usiku mama yetu alikuwa amekwisha kuliweka tayari buibui lake juu ya kiti.

Njia ya kutoka Mombasa kwenda kaskazini ni njia ya kuvuka maji. Unavuka daraja la Nyali, kisha la Mtwapa, kisha unapita Vipingo ambako mashamba ya mkonge yamejipanga safu kwa safu mpaka jicho linachoka, halafu unateremka Kilifi. Pale juu ya daraja la Kilifi mama yetu huomba kila mara tupunguze mwendo. Chini yake hori ni la buluu na mashua zimetia nanga, naye huturudia kisa kile kile cha siku za kivuko, kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 1991, jinsi watu walivyokaa foleni juani na watoto na kuku, na jinsi bibi harusi mmoja wa ukoo wetu alivyofika Malindi usiku wa manane wageni wamekwisha kulala. Kisa tunakijua chote kwa moyo, lakini tulipunguza mwendo na tukakisikiliza.

Tulisimama Kilifi kununua korosho. Tulipogeuza ufunguo tuondoke, injini ilizunguka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi, kisha ikashika. Binti yetu akatutazama. "Baba, mbona leo limekawia?" Tukamjibu kwamba ni joto. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi wingu tuliliona tukaliita joto.

Baada ya Kilifi barabara huingia ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, na hewa hubadilika. Ukiutoka msitu huo hukawii kufika Gede. Mjukuu alikuwa ameahidiwa kuonyeshwa mji uliohamwa na wenyewe, nasi tukaona nusu saa haitatudhuru. Tukaliegesha gari chini ya kivuli nje ya lango, mama yetu na mama watoto wakakaa kwenye benchi na chupa ya chai ya tangawizi, nasi tukaingia na binti yetu na mtoto.

Asiyefika Gede na afike. Ni mji wa Waislamu wa pwani hii, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ndani ya kuta zake, ukastawi kwa karne kadhaa, kisha wenyewe wakauacha kufikia karne ya 17. Miti imeota katika vyumba vya watu. Mizizi imekumbatia kuta za msikiti mkuu, na kima huruka juu ya jumba la mtawala bila kubisha hodi. Liko kaburi lenye maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 Miladia, nasi tulisimama hapo tukamwombea mwenyewe rehema. Serikali iliutangaza mji huo kuwa turathi ya kuhifadhiwa mwaka 1927, mtaalamu James Kirkman akaanza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya turathi za dunia.

Mjukuu hakujali miaka. Alining'inia kwenye ukingo wa kisima kilicho karibu na msikiti na kuuliza, "Babu, walihama kwa nini?" Tukamweleza kwamba wako wasemao maji ya visima yalizidi kwenda chini, na kisima kile kile kilipata kuchimbwa kikaongezwa kina. Wako wasemao ni vita na mashambulizi, na wako wasemao biashara ilihamia kwingine. Wataalamu wameuchimba mji huu kwa miaka mingi na bado wanaulizana. Mtoto akasema, "Basi hawajui." Tukamwambia kwamba wanajua mengi, ila hawataki kuhukumu kabla ya ushahidi kutimia. Maneno hayo tuliyasema kwa fahari. Haikupita robo saa yakaturudi.

Tulirejea garini saa tano na nusu. Kila mtu akapanda, mama yetu akasema Bismillahi, tukageuza ufunguo. Tak. Mlio mmoja, mkavu, kutoka chini ya boneti, kisha kimya. Taa za dashibodi ziliwaka kama kawaida. Tukageuza tena. Tak. Tukageuza mara ya tatu, ya nne, ya tano, kwa ile tamaa ya mwanadamu kwamba chuma kitamwonea haya.

Kwa pwani yetu, gari likikwama halikosi mahakimu. Walikuja vijana wawili wa bodaboda, muuza madafu, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli. Mmoja alisema mafuta yamekwisha, na sindano ilionyesha nusu tangi. Wa pili alisema betri imekufa, tuwatafute watu wasukume. Tulimshukuru, lakini gari letu ni la gia otomatiki, na magari ya aina hiyo hayawaki kwa kusukumwa. Wa tatu alisema injini imekaza na safari imekwisha. Mama yetu alisikia hilo la tatu. Hakusema neno, ila aliifungua pochi yake akaanza kuhesabu fedha ndogo ndogo, kuona kama zatosha nauli ya matatu.

Kijana mmoja wa bodaboda akamleta fundi wa karibu, mtu wa makamo, mpole, mwenye mfuko wa zana na mita ya kupimia umeme. Hatukumwona kuwa mlaghai, wala hadi leo hatumwoni hivyo. Aliweka mita juu ya vichwa vya betri, ikasoma volti 12.5. Betri iliyojaa, ikipumzika, husoma karibu na 12.6, na ikishuka hadi 12.0 huwa imekaribia kwisha, basi betri ilikuwa nzima. Akatwambia tuwashe taa kubwa kisha tugeuze ufunguo. Tak. Taa hazikufifia hata kidogo. Akafunga mfuko wake. "Maalim, betri ni nzima na stata inapiga tak lakini haizunguki. Stata imekufa. Ninaweza kupata iliyotumika Malindi, pamoja na kazi ni 14,000, na kufikia jioni litakuwa tayari."

Tulitia mkono kifuani tukaigusa bahasha. Fedha zetu wenyewe zilikuwa za mafuta na zawadi tu. Tuseme kweli, kwa kuwa tunaandika ili tufaidiane: nafsi ilikwisha kutupangia. Ilituambia tuchukue 14,000 sasa na Jumatatu Mola atafungua mlango mwingine, kwani ni fedha ya jamaa na gari nalo limebeba jamaa. Nafsi haikosi fatwa inapotaka jambo. Lakini amana ile ilikuwa na jina la mtu mmoja na jicho moja. Mama watoto alitutazama usoni, akajua mkono wetu ulipo, akasema taratibu, "Ngoja kwanza. Tuulize mtu wa pili."

Binti yetu alikuwa amekwisha kutoa simu. Yuko fundi mmoja wa Majengo ambaye ametutengenezea magari tangu yeye hajazaliwa, mzee sasa, masikio yake yameanza kuwa mazito kwa mazungumzo lakini si kwa injini.

"Shikamoo, Ammi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Gari halipigi stata. Linasema tak tu."

"Tak moja, au tak-tak-tak kama cherehani?"

"Moja, Ammi."

"Usiniambie. Nisikizishe."

Binti akaishika simu karibu na injini, nasi tukageuza ufunguo. Tak. Yule mzee akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuuliza, na tunayaandika maswali yake kwa kuwa ndiyo kiini cha makala haya. Je, kabla ya leo lilikuwa likizunguka kwa uzito? Binti akamweleza habari ya Kilifi, ile tuliyoiita joto. Je, taa zinafifia ukigeuza ufunguo? Hazififii. Betri inasoma ngapi? Kumi na mbili na nusu. Gari hulala wapi? Nje, karibu na bahari. Je, kuna aliyetazama waya mweusi mnene mahali unapoishia kwenye injini? Hapakuwa na jibu. Wote tulikuwa tumetazama pale ulipoanzia.

Basi akaeleza, naye fundi wa Gede akainama kusikiliza. Stata ni mota yenye nguvu nyingi, nayo kwa sekunde chache hutaka umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote garini. Mlio wa tak ni swichi yake, ambayo wengine huiita solenoidi, inaposukuma jino la stata likamate gurudumu la injini na hapo hapo kuufungulia mota mlango wa umeme. Kwa hiyo tak ni habari njema nusu: ufunguo umefanya kazi, amri imefika. Lililobaki ni kujua kwa nini umeme mwingi haukufuata. Na umeme hauna njia moja, una ya kwendea na ya kurudia. Huenda kwenye stata kwa waya mwekundu, na hurudi kwenye betri kwa chuma cha injini na waya mweusi mnene, ambao mafundi huuita waya wa ethi. Taa za mbele hurudisha umeme wao kwa bodi ya gari, kwa waya mwingine mwembamba. Ndiyo maana taa zaweza kung'ara ilhali stata imekatiwa njia ya kurudi.

Tulikumbuka kile kisima. Kisima chaweza kuwa na maji tele, na ndoo ikawa nzima, lakini kamba ikiwa imelika mahali pasipoonekana utasema mji umekauka.

"Kabla hujaihukumu stata," yule mzee akamwambia fundi mwenziwe, "weka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha kutoa cha betri, na wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. Halafu wageuze ufunguo."

Fundi akafanya hivyo. Njia ya kurudi ikiwa safi, mita haitakiwi kuonyesha hata nusu ya volti. Ilionyesha zaidi ya volti 9. Maana yake umeme ulikuwa umezuiliwa mahali baina ya injini na betri, na stata ilikuwa ikiletewa makombo. Fundi akatazama tena namba hizo, akatwambia turudie. Zikarudi zile zile.

Kijana wa bodaboda akakimbia kuazima waya za jampa kwa dereva wa gari la watalii. Hazikuunganishwa kwa gari la pili. Fundi alichukua ule mweusi peke yake, akabana ncha moja kwenye kichwa cha kutoa cha betri yetu wenyewe na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, ukawa daraja juu ya waya ulioharibika. "Piga sasa, Maalim."

Tukageuza ufunguo. Injini ikashika kabla mkono wetu haujauachia. Mjukuu akapiga makofi, muuza madafu akacheka, na mama yetu akaifunga pochi yake bila kumtazama mtu.

Tukalizima, fundi akalala chini ya gari. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwa bolti moja kwenye giaboksi. Ulipofunguliwa, pete yake ilikuwa ya kijani na nyeupe, imelika kwa chumvi ya bahari, na bolti yenyewe ilikuwa imelegea. Alitoa kwanza waya wa kutoa kwenye betri, kama ipasavyo, kisha akasugua pete na mahali pake kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaikaza, akapaka grisi, na mwisho akarudisha waya wa kutoa. Kazi haikutimiza dakika arobaini. Gari lilipowaka aliipima betri tena, ikasoma 14.1, maana yake alteneta inachaji sawasawa, kwani gari linapounguruma hutakiwa kusoma baina ya 13.8 na 14.5.

Tukamuuliza ujira wake. Akasema 500. Tukampa 1,000 kutoka mfuko wetu, naye akazikunja polepole kama mwenye jambo. "Maalim," akasema, "mwezi uliopita nilimbadilishia stata mwalimu mmoja wa kike, anakaa huko karibu na bahari. Baada ya wiki mbili gari likarudi na tak ile ile. Nilimwambia stata za kutumika hazina dhamana." Akaufunga mfuko wa zana. "Nitakwenda nimtazamie waya wake leo." Hatukumwongezea neno. Sisi nasi tulikuwa tumelihukumu joto la Kilifi.

Sasa tuwaandikie yale tuliyofunzwa, mpate kuyahifadhi.

Kwanza, sikiliza kabla ya kugusa. Tak-tak-tak ya haraka, na taa zikafifia, mara nyingi ni betri iliyoishiwa au vichwa vyake vichafu: swichi ya stata hushika, umeme hushuka, huachia, hushika tena. Tak moja nzito na taa zikabaki ziking'ara, shuku stata au waya zake, nao waya ndio uanze nao kwa kuwa ni rahisi. Tak moja na taa zikazimika kabisa, tazama kwanza vibanio vya betri kama vimelegea. Na pasipokuwa na mlio wowote, hakikisha gia iko kwenye P, kisha jaribu kuwasha ikiwa kwenye N huku umekanyaga breki, kwani pengine swichi ya gia ndiyo iliyozuia.

Pili, usiendelee kugeuza ufunguo kama tulivyofanya sisi. Kila jaribio linakula betri. Jaribu mara mbili, pumzika, fikiri.

Tatu, fungua boneti utazame. Unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri ni kizuizi cha umeme. Dawa yake imo jikoni kwako: magadi ya kuokea kijiko kimoja katika maji ya moto, yamwagiwe taratibu juu ya vichwa, yasuguliwe kwa mswaki mkuukuu na kusuuzwa. Angalia yasiingie ndani ya betri, vaa glavu, na uwaweke watoto mbali, kwani ndani ya betri mna tindikali. Kabla ya yote fungua kwanza waya wa kutoa, na uurudishe wa mwisho. Sisi wa pwani tuna adui wawili, joto linalofupisha umri wa betri na chumvi inayokula waya, basi vichwa na waya wa ethi vitazamwe kila gari linapopelekwa kubadilishwa mafuta.

Nne, ukisaidiwa kwa betri ya gari jingine, fuata mpango. Magari yote mawili yazimwe na yasigusane. Waya mwekundu uanze kwenye kichwa cha kujumlisha cha betri iliyokufa, kisha cha betri nzima. Mweusi uanze kwenye kichwa cha kutoa cha betri nzima, na ncha yake ya mwisho ibanwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Ndipo liwashwe gari zima, kisha lililokufa. Kuondoa ni kinyume cha mpango huo.

Tano, na hili ni kwa dada zetu zaidi. Fundi akikwambia badilisha kitu cha maelfu, muulize kwa adabu: "Umepima nini, na mita imesoma ngapi?" Fundi mwema hatachukia. Atafurahi kuulizwa na mtu anayetaka kujua.

Tuliswali Adhuhuri katika msikiti wa Gede mjini, tukashika njia. Malindi tuliipita bila kusimama. Juu ya daraja la Sabaki maji yalikuwa mekundu kwa udongo yanaouleta kutoka bara, na mama yetu akasema, kama asemavyo kila mara, kwamba sasa amefika kwao. Kila tuliposimama njiani mjukuu alikaza masikio, na gari likiwaka alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti kubwa ya mtu mzima.

Mama mdogo alikuwa amekaa barazani Mambrui, uso wake ameuelekeza njiani ingawa njia haioni. Tulikuwa tumekubaliana na binti yetu tusiseme neno, tumfanyie mzaha kidogo. Mama yetu akashuka, akaegemea mlango wa gari, akakohoa kikohozi chake kifupi cha kusafisha koo ambacho sisi sote tumekizoea hata hatukisikii tena.

Mama mdogo akainuka kabla hajafikiwa. Akaita jina la utotoni la nduguye, jina ambalo katika miaka yetu hamsini na kitu hatukuwahi kulisikia, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. Mama yetu akaenda nayo.

Bahasha tuliikabidhi kwa mwanawe jioni ile, shilingi 28,000 kamili, na Jumatatu jicho likapasuliwa. Wallahu aalam, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kutaka msaada. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.